Dereva Asiye na Mtu

Erastus alikuwa amewaosha wanyama. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona, na hadi leo nikikikumbuka sijui nicheke au nilie. Mbuzi mmoja na kondoo mmoja, wote majike ambao hawajazaa, kama desturi yetu inavyotaka mwanamume anapokuja kuonyesha kwamba msichana fulani sasa ana mwenyewe. Waliposhushwa kutoka kwenye lori la mkonge mbele ya nyumba yetu hapo Gitothua, walikuwa weupe na wananukia sabuni ya mche. Ni nani huosha mbuzi wa kupeleka kwa wakwe? Anayependa, nilijijibu, nikabaki nyuma ya dirisha la jikoni nikijichekea peke yangu.

"Toka hapo dirishani," tata Wamboi akaniambia. "Msichana anayeposwa hachungulii. Watasema tulikuwa tunawangoja na njaa."

"Kwani hatukuwa tunawangoja?"

"Tulikuwa. Lakini toka."

Tata Wamboi ni dada ya baba, na ndiye aliyenilea mama alipofariki. Siku za kazi nilikaa kwake Makongeni, nikimenya nanasi katika kiwanda kimoja cha Thika mpaka vidole vikachubuka. Huko Thika ndiko nilikokutana na Erastus. Alikuwa mtu wa Bungoma, mrefu, mpole wa sauti, dereva wa lori lililoleta mkonge kutoka Ngoliba. Baba alinikatalia mwaka mzima. "Bungoma ni mbali," alikuwa akisema. "Ukilia huko, mimi nitakusikia nikiwa wapi?" Ilipofika Pasaka ya mwaka huo wa hamsini na nane ndipo akachoka kunikataza, akasema basi, kijana alete wazee.

Baba na Erastus walikuwa hawajawahi kuonana. Kwa kina Erastus, kijana hazururi karibu na baba mkwe, na kwetu pia si heshima kujileta kabla ya mbuzi. Hivyo ndivyo nilivyoamini, kwamba hawajawahi kuonana.

Sasa niseme juu ya ile kazi, maana ndiyo iliyotufikisha pale.

Kulikuwa na timu ya mashindano ya magari iliyoweka gereji yake katika shamba moja la kahawa nje ya Ruiru. Wazungu wale walilipwa kwa kukimbiza magari, jambo ambalo tata Wamboi alikufa bila kuliamini. Magari yenyewe yalikuwa mawili, ya chini kama vitanda, na hayakuruhusiwa kukanyaga barabara za watu. Yalibebwa kwa lori hadi Nakuru, hadi Kampala, hadi Dar es Salaam, yakashushwa, yakakimbia, yakapakiwa tena. Timu ilikuwa inatafuta dereva wa lori hilo. Na lilikuwa lori jipya, si kama lile la mkonge ambalo kila asubuhi lilitaka kusukumwa.

Madereva wote wa Thika walijua jinsi meneja wa timu alivyowapima watu. Karai lililojaa maji liliwekwa nyuma ya lori, mahali gari la mashindano linapokaa, na dereva akatakiwa kwenda Thika na kurudi. Maji yakimwagika, hana kazi.

Nilimwazimia Erastus karai la tata la kufulia. Jumapili nne tulifanya mazoezi katika barabara ya Ngoliba, yeye kwenye usukani, mimi nyuma juu ya magunia na karai mbele yangu, nikigonga paa la lori kila maji yaliporuka. Jumapili ya kwanza nilishuka nimelowa mpaka kiunoni, na vumbi la Ngoliba likanigeuza matope. Jumapili ya nne sikupata hata tone. Erastus alinishusha kwa mikono yake miwili mbele ya watu, hakuniachilia haraka, akasema, "Nikipata hiyo kazi, Ngendo, nitakubeba wewe vile nimebeba hiyo maji."

Ningeweza kumwambia siku ile kwamba baba yangu ni fundi wa mashine katika shamba lile lile la kahawa. Sikumwambia. Niliona haya. Watu wangesema Gerishon anampa mkwe kazi kabla hata mbuzi hawajafika, na baba hakuwa mtu wa kusemwa. Nikafunga mdomo kwa Erastus, nikafunga na kwa baba. Nilidhani ninafanya adabu.

Jumanne Erastus alinisubiri kwenye lango la kiwanda akiwa na kofia mpya ya buluu, yenye mstari mweupe, kofia ya timu. Alikuwa amepita. Maji hayakumwagika. Hakuniambia alikuwa ameulizwa nini kingine, na mimi kwa furaha sikuuliza.

Jumamosi alikuja na kofia hiyo hiyo, pamoja na wazee wawili wa kwao waliofanya kazi Thika na senge yake Nafuna, shangazi aliyesafiri kwa treni kutoka Bungoma na kuku kwenye kikapu. Upande wetu alikuwepo Mzee Zacharia wa kanisani. Wakakaa sebuleni. Mimi na tata tulikuwa jikoni, na kati yetu na wao kulikuwa na pazia tu.

Baba aliingia amevaa koti la jeshi alilorudi nalo kutoka Misri. Wageni wakasimama. Erastus alisimama ameinamisha macho, kama alivyofundishwa kwao. Kisha akayainua, na kofia ikamtoka mkononi.

"Mzee Misri?" akasema.

"Hilo ni jina la kazini," baba akajibu. "Hapa kwangu mimi ni Gerishon, baba ya Ngendo. Okota kofia yako, kijana. Kaa."

"Kumbe mnajuana!" Nafuna akapiga makofi. "Mungu ni mwema! Mlijuana wapi?"

"Jumanne," baba akasema. "Yule meneja ni mgeni, hata kuomba maji kwa Kiswahili hajui. Mimi ndio nilikuwa namtafsiria."

Nilimtazama Erastus kupitia ukingo wa pazia. Jasho lilikuwa limemtoka, na ilikuwa mwezi wa saba, Ruiru kuna baridi ya kutetemesha.

Mzee Zacharia akainuka ili aombe. Baba akamwinulia mkono polepole.

"Tutaomba, mzee. Ngoja kwanza nimuulize huyu kijana, ndio tujue tunaombea nini." Akageuka. "Erastus. Jumanne swali la mwisho lilikuwa gani?"

Erastus akaikunja kofia magotini.

"Umesahau? Mzungu alisema nikuulize kama uko na bibi, ama mchumba. Kwa sababu ya Kaleli."

Wote tulijua habari ya Kaleli, dereva wa kwanza wa timu. Mkewe alijifungua wakati yeye yuko safarini, na Kaleli alipopata habari aliliacha lori Mtito Andei, akaenda kwao kumwona mtoto. Magari yalifika mashindano yakiwa yamekwisha. Kumbe tangu hapo meneja alikuwa ameapa kwamba lori lake litaendeshwa na mtu asiye na wa kumrudia.

"Ukanijibu nini?" baba akauliza.

"Nilisema sina, mzee."

"Halafu nikakuuliza mara ya pili. Hiyo ya pili mzungu hakunituma. Hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa nimesikia jina lako, nimesikia unaendesha lori ya mkonge, nikajua ni wewe. Nikakwambia, 'Hata msichana mmoja tu unayemfikiria?' Nataka uwaambie hawa watu vile ulisema."

Erastus alitazama pazia. Alijua nimesimama pale. Macho yetu yakakutana katika ule upenyo, na macho yale ambayo Jumapili nne yalikuwa yakinitafuta kwenye kioo cha lori yakakimbilia sakafuni.

"Nilisema sina mtu. Ni mimi na lori tu."

"Na ukacheka."

"Nilicheka, mzee."

Tata Wamboi alinishika kifundo cha mkono. Sikuwa naenda popote. Nilikuwa nikijaribu kukisikia kicheko hicho. Nilikijua vizuri, kifupi, cha puani, anachokitoa akitaka mtu asimuulize zaidi. Uongo wenyewe ningeumeza. Kicheko kilinikwama kooni.

"Lakini hiyo ni maneno ya kutafuta kazi tu!" Nafuna akalia. "Nani hajadanganya mzungu? Hata wewe baba Ngendo, hujawahi?"

"Nimewahi. Nilidanganya miaka yangu ndio nichukuliwe vitani. Mama yake Ngendo sikumkana."

"Kijana hakukana mtu! Ameleta mbuzi, si unawaona?"

"Nimewaona, mama. Wameoshwa vizuri."

Kisha akaita, bila kupaza sauti, "Ngendo. Leta uji."

Kwa watu wa kanisa kama sisi, uji ulichukua mahali pa pombe. Msichana huingia na kibuyu, baba yake akamuuliza kama mbuzi waliwe. Akikubali, yeye huonja kwanza, kisha humpa mwanamume wake. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya hilo pia, jikoni, huku tata akijifanya Erastus na kunibania jicho.

Niliingia. Erastus akainua uso. Nilimpenda hata hapo, sitaki mtu afikiri vinginevyo. Nilimpenda na shati lake lililopigwa pasi vibaya na jasho lake. Nilikuwa naomba moyoni apate neno moja tu la kunishika nalo, nami ningeonja uji ule mpaka niumalize.

"Kabla sijauliza binti yangu," baba akasema, "nitampa huyu kijana njia, kwa sababu kuendesha anajua, hilo sitaficha. Mimi naijua ile lori. Kama ile pasi serikali inatupa tangu Hali ya Hatari ingeniruhusu kupita Limuru, hiyo kazi ningeiomba mwenyewe. Sasa, Erastus. Jumatatu unaenda kutia sahihi. Mimi nitakuwa hapo. Umwambie yule mzungu uko na mtu, anaitwa Ngendo, binti ya Gerishon. Nitamtafsiria vizuri kabisa. Akikuchukua, sawa. Akikufukuza, rudi kwa mkonge, na hawa mbuzi nitawala hivyo hivyo. Sina neno."

Mzee Zacharia akaitikia kwa kichwa. Hata wale wazee wa Bungoma wakasema hiyo ni haki. Nafuna akamsukuma mpwa wake kwa kiwiko. "Jibu! Si umepewa?"

Erastus akaizungusha kofia mikononi. Aliizungusha mara moja, akaizungusha tena.

"Mzee, nipe mpaka Nakuru," akasema. "Kuna mashindano ya Nakuru baada ya wiki tatu. Wakiona vile naendesha hawataweza kunifukuza. Hapo nitasema yote."

"Na hizo wiki tatu, Ngendo ni nani?"

Haikuwa desturi niseme kabla ya kuulizwa. Nilisema. "Na baada ya Nakuru kutakuwa na Kampala."

"Ngendo, usiseme hivyo. Hii kazi ni yetu sisi wawili. Nani alishika ile karai? Si ni wewe?"

"Ni mimi. Nimelowa mpaka kiunoni kwa kazi ya mtu hana mtu."

"Nilisema hivyo ndio niweze kukuoa!"

"Na kucheka? Hiyo pia ilikuwa ya kunioa?"

"Ngendo..."

"Mwache baba. Niambie mimi, Erastus. Jumatatu utasema ama hutasema?"

Alinitazama sana. Nilimwona akitaka. Naapa nilimwona, nikasogeza kibuyu karibu, tayari. Kisha macho yakateremka kwenye ile kofia ya buluu, na nikajua yuko tayari barabarani, amepita Naivasha, upepo unamwingia dirishani na magari mawili yamelala salama mgongoni kwake.

"Ni wiki tatu tu, mpenzi," akasema.

Nje kondoo alilia.

"Ngendo," baba akaniuliza, maana ilimlazimu kuuliza, "hawa mbuzi tuwale?"

Nilirudi jikoni na kibuyu, nikaumimina uji katika sufuria. Ulikuwa mwingi na mzito, ukachukua muda, na kule sebuleni waliusikia wote mpaka tone la mwisho.

Waliwapakia mbuzi tena. Nafuna alilia akisema amesafiri siku mbili kuja kuaibishwa, na sikumlaumu. Kuku wake alituachia, akasema hawezi kurudi na kitu alichokileta kwa moyo mweupe. Tata Wamboi, katika nguo yake ya kanisa, alipanda nyuma ya lori, akashuka na karai lake, akalipangusa kwa kanga mbele ya kila mtu.

Erastus alinifuata hadi kwenye ua.

"Ningekuja kukuoa," akasema. "Unajua ningekuja."

"Najua."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu baba yangu alikuuliza wakati hukujua ni baba yangu. Ungejua, ungesema jina langu na heshima mingi sana, na mimi ningeolewa Bungoma nikiamini."

Alinyoosha mkono, kidole chake kikagusa mkono wangu, pale pale alipozoea kunishika. Sikuuondoa. Yeye ndiye aliyeuondoa wazee walipopiga honi.

Walipoondoka nilimgeukia baba. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, bado amevaa koti.

"Ulijua tangu Jumanne," nikamwambia.

"Nilijua."

"Siku nne, baba! Ukaniacha nipike, nisuke nywele, niite watu. Ungeniambia hapa nyumbani, sisi wawili."

"Ningekuambia, ungesema baba anachukia mtu wa Bungoma. Mwaka mzima nilikuwa nikimkataa. Ungeniamini?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilisimama pale nikitafuta hiyo ndiyo.

"Na labda angesema," baba akaongeza, kwa sauti ya chini. "Nilimpa nafasi. Nilikuwa nimechagua hata pa kuwafunga wale mbuzi. Mti ule pale, na kamba iko."

Nikatazama. Kamba ilikuwa pale, mpya. Hasira yangu ikakosa pa kukaa, nikaingia ndani nikalala na viatu.

Jumatatu sikwenda kiwandani. Tata alirudi Makongeni peke yake na akasema ataniombea ruhusa. Nilifua nguo zote za nyumba ile, hata zilizokuwa safi. Kila lori lililopita barabara kuu nililisikia. Sitawadanganya, siku nzima nilikuwa na tumaini. Niliwaza, akisimama mbele ya mzungu atalisema jina langu, baba atarudi na habari, nami nitaichukua ile kamba ya mbuzi nimfuate Erastus mwenyewe hadi Ngoliba, aibu iwe yangu.

Baba alirudi jua likishuka, mikono ina grisi. Nilimpa maji ya kunawa. Alinawa polepole kuliko siku zote.

"Alikuja?" nikauliza.

"Alikuja. Ametia sahihi."

"Alisema?"

Baba akajipangusa mikono. "Lile swali liko kwa karatasi, kwa hivyo mzungu alilirudia. Nikamtafsiria vile aliniambia. Sikuongeza yangu. Kijana alinyamaza, akanyamaza, mpaka mzungu akaniuliza kama hajasikia. Halafu akaniangalia mimi machoni, akasema, 'Mwambie sina mtu.'"

"Na wewe?"

"Nilimwambia mzungu hana. Na leo sikumdanganya."

Nikachukua beseni nikamwage maji. Nilifika mlangoni, nikasimama, nikiwa nimempa mgongo.

"Baba. Alicheka?"

"Hapana," baba akasema. "Leo hakucheka."